Kondoo Chali

Zulma ndiye aliyepiga simu. Mimi nilikuwa kitandani,
saa tano asubuhi, buti miguuni,
nikihesabu misumari ya dari kwa mara ya sijui ngapi.
Nikamsikia akitaja jina langu, Ademar, kisha umri,
kisha akashusha sauti kama anayeuza kitu cha wizi.

Kilomita sitini hadi Tacuarembó. Julai,
umande umeganda juu ya nyasi, weupe mtupu.
Aliendesha yeye. Siku zote dereva ni mimi.
Kibuyu cha chai chungu kilikaa katikati yetu,
na kwa mara ya kwanza tangu tuoane
hakuna aliyemmiminia mwenzake.

Nikamwambia: Néstor wa dawa za mifugo akiniona pale,
kesho uwanda mzima utajua.
Akajibu bila kugeuza shingo:
"Na wakija mazishini, hawatajua?"
Hatukusema tena mpaka darajani.

Chumba cha kungojea: viti vinane vya plastiki,
kijana aitwaye Braian akibishana kwa upole na mtu nisiyemwona,
mama mwenye koti la kijani, anafunga na kufungua kifungo kilekile,
na mimi, kofia magotini,
kana kwamba nimekuja kuomba mkopo.

Daktari Magela ni mdogo kuliko binti yangu.
Mezani ana faili, kalamu, na sanduku la tishu
nililolitazama kwa dharau.
Akauliza ninalalaje. Nikamweleza bei ya sufu.
Akauliza ninakulaje. Nikamweleza ukame wa mwaka juzi,
nikataja ng'ombe mmojammoja.
Hakunikatiza. Alingoja
kama mtu anayejua mnyama atachoka kurusha mateke.

Halafu: "Kazi yako hasa ni ipi?"

Hapo ulimi ukalegea.
Nanyoa kondoo tangu nina miaka kumi na minne, nikasema.
Nikamwambia jambo wasilolijua watu wa mjini:
kondoo mwenye sufu nzito, sufu iliyolowa mvua,
akijilaza vibaya penye kishimo, hubiruka chali.
Miguu juu. Hainuki.
Si mgonjwa, si mvivu. Nguvu zake zote anazo
na hazimsaidii kitu.
Tumbo hujaa gesi, mwewe hushukia macho,
kabla ya jioni amekwisha.

"Na dawa yake?"

Dawa yake ni mtu kupita.
Umshike sufu ya ubavuni, umgeuze,
kisha, watu husahau hili, umshikilie kidogo,
maana ukimwachia papo hapo huyumba, huanguka tena.

"Umewageuza wangapi?"
Mamia.
"Uliwahi kumuuliza hata mmoja kwa nini hakujikaza?"

Lile sanduku la tishu, nasema bila haya,
nililifikisha nusu.

Sonona, aliandika, kwa mwandiko uliolala.
Neno jepesi kwa kitu kilichonikalia kifuani tangu Machi.
Vidonge vikanikausha kinywa. Wiki mbili nzima
havikufanya lolote ila kunichafua tumbo.
Nikampigia simu nikifoka. Akasema: njoo Alhamisi.
Nikaenda Alhamisi. Alhamisi iliyofuata nikaikimbia,
nikakaa ndani ya gari nyuma ya kituo cha mafuta saa nzima,
redio imezimwa.
Ile nyingine nikaenda. Braian alinisogezea kiti.

Sijapona. Tusidanganyane.
Msimu huu nanyoa arobaini kwa siku, zamani mia na ishirini.
Zipo asubuhi ambazo buti hunitazama tu.
Lakini jana, kabla ya jua,
nilisikia maji yakichemka jikoni,
nikashangaa nani kayateleka,
kumbe ni mimi.

Nikajaza kibuyu, nikampelekea Zulma kitandani.
Akavuta funda moja, akakunja uso.
"Umeunguza majani," akasema,
akaushika mkono wangu
na hakuuachia papo hapo.