Sufi ya Kijivu

Taulo zimezunguka mara mbili, bado mbichi.
Toivo anagusa mgongo wa mashine: moto, kupita desturi,
na harufu ile, kama pasi iliyosahauliwa.

Nje, Thunder Bay, theluji imefika magotini.
Kifuniko cha tundu la ukutani hakipepei;
hakuna mvuke unaokwenda kwa majirani.

Anachomoa waya. Anasukuma mashine kwa nyonga,
analegeza bomba kwa bisibisi ya Aino.
Kazi hii ilikuwa ya Aino, kila Oktoba;
yeye alishika tochi tu, akilalamikia baridi.

Mkono unaingia hadi kiwikoni.
Sufi inatoka, konzi kwa konzi:
kijivu, kijivu, manyoya ya mbwa,
buluu ya suruali za kiwanda cha karatasi,
kisha, ndani kabisa, utando mwembamba mwekundu.

Sweta yake.
Ile aliyoivaa hospitalini.

Amekaa sakafuni, nayo kiganjani, nyepesi kuliko pumzi.
Cheche moja ingeila, na nyumba juu yake.

Anaitia ndooni pamoja na nyingine.
Anawasha.
Ukutani kifuniko kinainuka: ka, ka, ka.
Mvuke unakwenda kwa majirani.