Turbo Ipoe Kwanza

Lori jipya limeshuka usiku kucha, gigabaiti sita,
bando la wiki nzima likaliwa na matairi.
Leo nimemkalisha Baba Mdogo Elinami
kwenye kiti cha plastiki, chumbani kwangu Pasua,
usukani nimeubana mezani kwa jiliwa ya seremala.

Hakukanyaga mafuta. Alitazama kwanza.
"Saiti mira ziko wapi?"
Hazipo, nikamwambia, siku hizi ni kamera,
angalia viskrini viwili hapo pembeni.
Akacheka kwa pua.
"Kwa hiyo nyuma yangu naonyeshwa. Sioni."

Gia? Inajibadilisha yenyewe.
Mkono wake wa kushoto ukabaki hewani,
ukishika, ukiachia,
miaka thelathini ya kirungu kisichokuwepo.

Dashibodi aliisifu: taa kama duka la simu stendi.
Mlio wa injini akaukataa.
"Huyu hajawahi kulala Tunduma akingoja karatasi.
Anaimba. Lori haliimbi, linanung'unika."
Harufu hakuiuliza,
ila niliiona pua yake ikiitafuta.

Halafu barabara ikainama.
Nchi ya watu, misonobari, lami isiyo na kiraka,
na kabla mimi sijauona mteremko
yeye ameshapunguza mwendo,
mguu wa kulia, ule wenye chuma tangu Kitonga,
umekaza breki mpaka pedeli ikahama sakafuni.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Tani ishirini na nne zisizo na uzito
zikatusukuma mgongoni
taratibu
hadi chini.

Akaegesha, mara moja tu, bila kurudia.
Mimi huwa narudia mara nne.
Akainuka, akaizunguka meza akichechemea,
na sidhani alijua kwamba namwona
akitafuta tairi la kupiga kwa kisigino.

Nikanyoosha kidole nizime.
"Ngoja."
Kiganja chake kilikuwa juu ya kasha la kompyuta,
feni ikivuma, bati limepata moto.
"Hii imetoka safari. Usiizime ghafla.
Turbo ipoe kwanza."

Tukakaa, dereva na utingo wake,
mvua ikianza kudonoa mabati.
Dakika tano. Alizihesabu mwenyewe
kwa saa ya mkononi.