Sehemu ya Saba

Alizileta ndani ya soksi ya mtoto,
saba, akazimwaga juu ya kitambaa changu cheusi
pale Mwanjelwa, mwezi Julai, saa mbili asubuhi,
vidole vyetu bado vimekufa ganzi.
"Reale," akasema Atuganile wa Masoko.
"Nataka bati za paa. Niambie zipi ni fedha."

Mimi Mkinga wa Bulongwa, napima dhahabu ya Chunya,
siamini jicho. Jicho hupenda kung'arishiwa.
Nikaanza na sumaku: hakuna iliyoifuata.
Hilo si ushahidi; risasi nayo haina undugu na sumaku.
Nikapanda mizani: ishirini na nane, ishirini na nane,
ya tano pungufu kidogo, imelambwa na vidole vya watu,
na ya saba imefika sawasawa, bila punje kuzidi,
na hapo ndipo nilipoanza kuishuku.
Kitu kilichopita mikononi hakirudi kamili.

Nikahesabu lulu kwenye kipini cha yule mama mnene
mwenye shela, anayetazama pembeni kama aliyenuniwa:
tisa, tisa, tisa.
Ya saba tisa pia, ila zimevimba
kama mahindi yaliyolala majini.
Nikapitisha ukucha ukingoni, penye maandishi.
Za kwanza zilinikwaruza.
Ya saba ilikuwa na mshono,
uzi mwembamba
pale nusu mbili za kalibu zilipobusiana.

"Na huu mwaka?" akauliza. 1780, zote.
Nikamwambia mwaka usikutishe.
Hata zile za kweli zinadanganya hapo:
zilipigwa upya, zikapigwa tena, miaka mia na zaidi,
kwa tarehe ileile,
kama shangazi asiyevuka arobaini.
Fedha inaruhusiwa kudanganya umri.
Mlio, hapana.

Nikaiweka moja juu ya ncha ya kidole,
nikaigonga kwa penseli.
Ikalia, ikaendelea kulia,
kijana wa makufuli akanyamaza kule nje,
na mlio ukawa bado upo, mwembamba,
unatafuta mlango.
Zote sita hivyo.
Ya saba: tok.
Kama kugonga kiazi.

Sikusema kitu. Nikamuuliza zilitoka wapi.
Ni mahari ya bibi yake, Sekela,
mwaka ambao sotoka ilimaliza zizi
na bwana harusi hakuwa na kwato hata moja ya kutoa.
Alikuja na reale saba, hakuna aliyejua kazipata kwa nani.
Baba mtu akazipokea, akazifunga,
hakutumia hata moja mpaka anakufa,
akamrudishia binti yake mkononi.

(Hakutumia hata moja.
Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ile.
Huenda alikuwa na sikio.)

"Mama," nikasema, "hii ni bati na risasi.
Bibi yako aliolewa kwa sita."

Nilitegemea laana, au machozi, nimeyaona yote
kwenye kiti kile. Atuganile alicheka.
Alicheka mpaka mizani ikatikisika.
"Ndiyo maana! Ndiyo maana!
Mwanamke mzima alikuwa akipiga mluzi shambani.
Akijisikia, anapanda zake kwao, siku tisa, haagi mtu,
anarudi na kikapu cha parachichi, haulizwi.
Babu alikuwa akisema, huyu kuna mahali simfikii.
Kumbe sehemu ya saba haikulipiwa!"

Nikamlipa sita, bei ya siku ile, akahesabu mara mbili.
Nikasema hii niachie niiyeyushe,
isije ikamdanganya mwingine huko mbele.
Akaitazama mikono yangu kama mikono ya mwizi,
akairudisha kwenye soksi.

Mlangoni aliitoa tena,
akaigonga kwenye fremu ya chuma.
Tok.
"Ndiye yeye," akasema,
akaenda kuulizia bei ya bati.