Mkoba Nambari Saba

Alishuka kwenye gari jeupe, Barabara ya Kumi na Tatu,
akapiga hodi huku keshaingia.
Jina lake Eliaichi. Anakusanya mikoba
kama wengine wanavyokusanya madeni:
hajui ni lini aliacha kuhesabu.
Kwake, alisema, liko kabati la kioo lenye taa ndani.
"Ninayo yako minane, Bi Mwantumu.
Wa kwanza hadi wa sita. Wa nane. Wa tisa."
Akanionyesha pengo kwa vidole,
kama mtoto anayeonyesha jino lilipong'oka.

Mimi, shazia mdomoni, nikatabasamu upande mmoja.
Nambari saba haikupotea.
Najua ilipo kila siku ya Mungu, kasoro Ijumaa mchana:
begani kwa Mwanamvua, muuza ndimu, Mgandini.
Nilimpa mwaka ule aliponiuguza.
Sikuwa na cha kumlipa. Nilikuwa na mkonge.

Tukaenda. Jua la saa sita,
viatu vya mgeni vikimeza vumbi.
Mwanamvua alikuwa anapima pilipili kwa kopo la maziwa,
na mkoba wenyewe, jamani,
uliotoka kwangu mweupe kama singa za korona,
umekuwa rangi ya chai kavu.
Kishikio kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jasho la kiganja limeutia mng'ao
ambao mimi, na ufundi wangu wote, sijui kuutia.

Eliaichi akataja bei.
Siiandiki hapa. Nina majirani.
Mwanamvua hakujibu. Alipangusa meza,
akaumimina mkoba mbele yetu:
sarafu, hati ya kiwanja iliyokunjwa mara nane,
dawa za presha, ufunguo usio na kitasa,
picha ya pasipoti ya kijana aliyekwenda Mererani,
kipande cha sabuni, tasbihi,
ndimu moja iliyokauka ikawa gololi.
"Haya, nimekuuzia, mwanangu.
Hivi sasa niviweke wapi?"

Soko likacheka. Mgeni naye akacheka, kwa kuchelewa,
kisha akanigeukia mimi:
"Basi nishonee mwingine, huu huu."

Nikauazima kwa usiku mmoja.
Mwanamvua akavifunga vitu vyake kwenye pembe ya kanga,
akanitazama kama ninayempeleka mwanawe jandoni.

Usiku, chini ya taa, nikausoma.
Safu ya kumi na moja imebana mno:
nilikuwa na hasira na nani?
Hapa mdaa uliniishia, nikaungia masizi.
Safu ya kumi na tisa fundo limeruka.
Hapo Kibibi alililia ziwa, nikaweka sindano,
na niliporudi nilianza kwa mkono mwingine,
mkono wenye homa.
Vidole vya leo haviwezi kosa lile.
Nilijaribu mara tatu, kila mara likatoka zuri.

Kisha nikapenyeza kidole chini ya bitana,
pale ninapoficha nambari kwa vifundo, kila kimoja punje ya mtama.
Nikahesabu. Nikahesabu tena, nikavua miwani,
nikahesabu kwa ncha ya ulimi.
Vinane.

Kumbe saba sikuwahi kuishona.
Homa iliniruka nayo.
Kule kwenye kabati la kioo, taa inamulika
nafasi ya kitu ambacho hakijazaliwa.

Asubuhi nilimwambia Eliaichi: siwezi.
Sikumwambia kwa nini.
Alinunua kapu la ndimu, sijui la nini,
akaenda zake kabla ya adhuhuri.
Waja leo, waondoka leo.

Mwanamvua aliupokea mkoba kwa mikono miwili, akaunusa.
"Kishikio hukukigusa?"
"Sikukigusa."
Akafungua pembe ya kanga
akaanza kurudisha, kimoja kimoja,
ndimu kavu kwanza.