Shubiri

Machi, kusini mwa Arkansas. Upepo unakwangua.
Tumesimama kumi na wanne kando ya nyasi za plastiki,
saa za kubonyeza shingoni, nembo za timu kofiani,
kahawa ya kituo cha mafuta imekwisha kupoa.
Wote tumekuja kumtazama mdakaji mmoja,
na kila mmoja anajifanya amemfuata mwingine.

Chema chajiuza, ndiyo,
lakini hapa chema huvuliwa shati kwanza,
hupandishwa mizani kikiwa na bukta tu,
huambiwa geuka, nacho kinageuka.

Detrick Ollison. Miaka ishirini na miwili.
Futi sita, kasoro inchi moja.
Wanamlaza kiganja mezani, wanamtanua vidole,
toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho,
kama seremala na ubao asioujua bado bei yake.
"Nane na robo!"
Kalamu kumi na nne zikainama pamoja.
Shubiri fupi. Tunajua tafsiri yake:
mpira wa Desemba, mpira wenye barafu,
mpira utakaomponyoka watu elfu sabini wakiwa wamesimama.
Nami niliandika: mikono ya mtoto.

Akakimbia yadi arobaini.
Saa yangu ikasema nne nukta sita moja.
Stroud, wa timu ya kaskazini, akafyonza,
akasema "mzito" kwa sauti ya mtu anayesema "marehemu",
akaenda kuwasha gari.

Ndipo wakampa mlinzi wa kumkaba.
Ollison akamwendea taratibu, bega la kushoto likiahidi,
macho yakiahidi, hata kiuno kikala kiapo,
na yule maskini akaamini.
Mpira ulipofika, Ollison alikuwa kulia, peke yake,
kama mtu aliyebaki kanisani baada ya ibada.
Hatua mbili za nafasi.
Nikatazama saa.
Saa haijui nafasi.

Niseme na hili, maana halimo katika fomu:
mimi nilikuwa na shubiri ya inchi kumi.
Nilikimbia hadi wapimaji wakadhani mashine imeharibika.
Niliteuliwa raundi ya pili, mama akaangua kilio sebuleni.
Misimu miwili. Mipira kumi na saba. Goti.
Karatasi yangu ilikuwa hodari kuliko mimi.

Chumba cha kufulia, Bi Verlene Askew akikunja jezi:
"Unataka kujua mikono yake? Waulize kuku.
Tangu ana miaka kumi na mitano, usiku, na mjomba wake,
mabanda marefu, taa zimezimwa ndege wasitaharuki,
wanawadaka kwa miguu,
wanne mkono huu, wanne mkono huu,
elfu tano kabla ya alfajiri.
Na kuku, bwana, hana mshono wa kushikia."
Sikujua nicheke au niandike.
Nilitafuta kisanduku cha kuku katika fomu.

Usiku, hotelini, nikautandaza mkono wangu juu ya karatasi.
Bado ni inchi kumi, shubiri yangu,
chungu kama jina lake.
Nikafuta "mikono ya mtoto".
Mahali pake pakabaki peupe.

Bosi akapiga. "Vipi mikono?"
"Midogo."
"Basi tumwache?"
Nje lori la magogo likapita, madirisha yakatetemeka.
"Bado unanisikia?" akauliza.

Sikumwambia ya maegeshoni,
Ollison alipokuja kuniaga, nywele zikichuruzika maji.
Kiganja chake kikapotea chote ndani ya changu.
Nikamtakia heri,
nikavuta mkono wangu niondoke.
Haukutoka.