Kodiani ya Baba, Dola Arobaini

Ludvik, barua yako nimeisoma mara mbili jikoni,
mara ya tatu ndani ya gari nje ya duka la dawa,
theluji ya Cleveland ikikifuta kioo.
Unauliza kama darini kwangu pana nafasi
ya kodiani ya baba,
kwa muda tu, mpaka mahakama imalize.

Nafasi ipo. Jibu ni hapana.

Nilifunzwa mwaka ule wa figo za Frank:
mufilisi hafichi hata kijiko.
Utaandika gari pamoja na kutu yake,
bunduki ya kuwindia, sahani alizoziacha Marjeta,
dola kumi na nne zilizolala benki,
hata urithi unaoungoja kimyakimya.
Utaapa, kisha utatia sahihi.
Deni husamehewa, ndugu yangu.
Kiapo cha uongo kina mlango wake, na ni wa chuma.

Tena zile dola mia tisa ulizonilipa Machi,
ukaona ni heshima kumtanguliza dada:
sijazigusa, zimo ndani ya bahasha nyuma ya unga.
Katika foleni hii damu haitangulii.
Msimamizi akinitaka nizirudishe, nitazirudisha,
wala usinipigie simu kulia.

Dawa ya deni kulipa, husemwa.
Kweli, kwa mgonjwa mwenye pesa ya dawa.
Mimi nililipa riba miaka sita kwa kadi tatu,
hii ikiilipa ile, ile ikiilipa hii,
nachota maji kwa chujio na kujisifu kwa bidii.

Wakili wangu alikuwa binti mdogo mwenye mafua.
Siku alipowasilisha karatasi
simu zikanyamaza.
Sijui nikuelezeje kimya kile.
Nilisikia friji.

Lakini usiote kwamba yote huoshwa.
Matunzo ya watoto hayafutiki, na yasifutike.
Mkopo wa chuo uliomdhamini Toni
kuung'oa ni kung'oa jino la farasi aliye macho.
Na nyumba ukiitaka, rehani yake uilipe.

Siku ya kukutana na wadai nilivaa gauni la mazishi.
Nilidhani watajipanga mbele yangu,
benki, hospitali, yule wa makochi.
Viti vilikuwa vitupu.
Msimamizi aliuliza maswali tisa,
akalivunja jina letu vipande vitatu,
akasema nenda.
Nilizunguka maegesho nikitafuta gari langu,
kumbe nilikuja kwa basi.

Miaka saba sasa. Doa bado limo kwenye daftari lao.
Mwenye nyumba mmoja alinikatalia,
wa pili alitaka amana ya miezi miwili.
Ila kadi mpya, ajabu, zilikuja haraka,
wino wa hakimu haujakauka:
wanampenda aliyesafishwa, ana nafasi ya kuchafuka.
Zako zichome.

Basi shika kalamu.
Andika: kodiani moja, kuukuu,
vifungo viwili havilii,
mkanda umeshonwa kwa uzi wa kiatu.
Thamani, dola arobaini.
Vitu vya nyumbani sheria hukuachia kiasi, muulize wakili.
Nadhani itabaki. Ikienda, iende kwa jina lake,
si kwa kunyata darini kwangu kama mwizi.

Unakumbuka mwaka wa mgomo, machimbo yamefungwa?
Baba alidaiwa mkate wa miezi mitano kwa Kobal.
Jumamosi aliipiga hiyo hiyo kodiani ukumbini,
na Kobal, daftari la madeni mfukoni,
alicheza mpaka viatu vikamfunguka.

Nimesahau: kuna somo la lazima kabla ya kufungua kesi,
na jingine baadaye.
Watu hulisahau la pili.
Usilisahau la pili.

Dada yako,
Albina