Herufi Thelathini

Garimoshi la Kigoma limechelewa tena.
Kutoka maktaba nasikia mabehewa yakigongana stesheni,
ya Mwanza huku, ya Mpanda kule,
yanakatwa, yanaungwa,
na mtu mwenye kurunzi anapita akipiga magurudumu nyundo.

Nami naunga. Vyuo vitatu, katalogi moja.
Droo za kadi alizotuachia Bi Nyamizi,
zenye harufu ya tumbaku na dawa ya mchwa,
leo ni mistari kwenye kioo.
Maganga, S. Maganga, Saidi. Maganga S. (marehemu).
Mashine inauliza: Ni mmoja?
Ni mmoja, nabonyeza. Ni mmoja. Ni mmoja.
Chai imepoa. Ni mmoja.
Kitabu kimoja cha hesabu kimeingia mara kumi na nne,
kila karani kakosea mchapishaji kwa namna yake;
nimekikunja kama shuka.

Saa sita na robo:

Mihambo, D. Sikonge, 1961. Nyuki wadogo wa mio
Mihambo, K. Sikonge, 1961. Nyuki wadogo wa mio

Kichwa kimekatwa hapo hapo, kote kuwili.
Mashine ina hakika, asilimia tisini na saba:
nakala. Futa moja.

Kidole kilikuwa tayari kimeshuka nusu.
D. na K., nyumba moja, mwaka mmoja.
Aliyeitengeneza hii hajawahi kulala Unyamwezi.
Doto. Kulwa.

Nikaenda rafuni na taa ya simu.
Ya kwetu ni ile ya D.,
jalada la kijani, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Shukrani, kwa taipureta yenye *a* iliyoziba:

*Doto aliishia ukurasa wa sitini na moja.*
*Yaliyobaki nimeyatoa katika daftari lake.*
*Ya kwangu nitaandika baadaye, kwa jina langu.*
*Hii msiiguse jina.*

Nikageuza hadi sitini na moja.
Sentensi inahesabu mizinga, thelathini na tatu, thelathini na nne,
na katikati ya mstari wino unabadilika
kuwa mweusi zaidi.
Thelathini na tano.

Nikarudi, nikabonyeza hapana.
Mashine ikataka sababu,
ikanipa nafasi ya herufi thelathini.

*Si nakala. Ni pacha.*

Ikapokea.
Ikaniletea Maganga mwingine.